Aliyeona wa Kwanza Aseme kwa Nani?

Kila mwaka, kisha katikati ya mwezi wa kenda, kunatokea katika pori la Katanga jambo ambalo vitabu vyetu vya shule havikulitaja. Mvua haijanyesha tangu mwezi wa ine ao wa tano. Vumbi imejaa kila mahali, visima vya kartye vinakaribia kukauka, nyasi zimeungua na moto, na moshi inafunika jua mupaka jioni. Mutu angesema kila kitu kimekufa. Lakini pale pale, bila tone moja la mvua, miti inatoa majani mapya. Tena si ya kijani: ni mekundu kama shaba, mengine yana rangi ya divai, mengine ya asali. Muputu, mutondo na miti mingine ya jamii ile inabadilika kwa muda wa juma mbili ao tatu. Haikungoja mvua. Inatumia maji iliyoweka ndani ya shina na yale ambayo mizizi inavuta chini sana. Mvua yenyewe itaanza mwezi wa kumi kidogo kidogo, na kupata nguvu mwezi wa kumi na moja.

Hii njo majira yetu ya kuchipuka. Sisi tulipokuwa wanafunzi tulikariri kwa Kifaransa kwamba maua yanaanza mwezi wa tatu na kwamba mbayuwayu ndiye anayatangaza. Mwezi wa tatu huku kwetu ni matope matupu. Na mbayuwayu yule yule anakimbia baridi ya Ulaya na kuanza kufika huku mwezi wa kenda ao wa kumi, yaani wakati ule ule pori letu linapovaa nguo mpya. Ndege mumoja, majira mbili. Sisi tulifundishwa ile moja tu. Hata katika muji wa Lubumbashi, watu wanasifu jakaranda inayofunika avenyu kwa maua ya zambarau mwezi wa kenda na wa kumi, na ni vizuri kabisa, lakini jakaranda ni mugeni kutoka Amerika ya Kusini. Mwenyeji anachanua nje ya muji, na ni wachache wanaoenda kumuona.

Kwa sababu hiyo, sisi tuliosoma ISP na kufundisha biolojia katika sekondari kwa miaka makumi mbili, tulianza kupeleka wanafunzi wa darasa la mwisho porini, kwa miguu, siku ya posho. Hatuna bisi, hatuna vyombo. Tuna daftari na macho. Katika makala hii tunataka kusimulia jambo moja lililotupata kwa njia ile, kisha kuuliza ulizo ambalo limetusumbua tangu wakati ule: mutu anayeona kitu kizuri wa kwanza, je, anapaswa kusema? Na kama anasema, aseme kwa nani?

Ilikuwa mwisho wa mwezi wa kenda, mwaka 2022. Tuliacha barabara kubwa na kufuata njia ndogo ya wachoma makala. Tuseme wazi, kwa saa nzima ya kwanza hatukuona kitu zaidi ya visiki. Muji unapika na makala, na makala ni miti. Kila mwaka tunatembea mbali zaidi kabla ya kufika kwenye pori lenyewe. Tulipofika, wanafunzi wakanyamaza bila kuambiwa. Mulunguti ulisimama bila jani hata moja, umejaa maua mekundu, na chozi wadogo walikuwa wanaingiza midomo yao mirefu ndani ya ua moja moja. Mulombwa ulikuwa umevaa manjano. Mwewe alizunguka juu ya mahali palipoungua, akitafuta panzi na panya waliokosa kujificha. Fuko alikuwa ametupa udongo mubichi juu ya majivu meusi.

Halafu kijana mumoja akapiga kelele: "Profu, angaria! Iko maua mu majivu!" Kweli, chini ya miguu yetu, katika udongo mweusi ambao moto ulipita pengine mwezi mumoja mbele, palikuwa maua madogo, ya bluu, ya njano, ya rozi, bila nyasi ya kuyafunika. Tukawaeleza kwamba mimea mingine kati ya ile si majani hata kidogo. Ni miti. Sehemu kubwa ya mwili wake iko chini ya udongo, ambako moto haifiki, na kila mwaka inatoa tu vidole vyake juu kwa muda mufupi. Mwanafunzi mumoja alikataa kusadiki, basi tukachimba kidogo kwa fimbo, na tukapata muti munene kuliko mukono wa mutoto, umelala chini kama nyoka. Tulifunika tena. Siku ile tulirudi na furaha, na hakuna mubaya uliofanyika.

Ubaya ulikuja kisha mvua. Mwezi wa kwanza, mwaka 2023, tulirudi njia ile ile, tukashuka mupaka kwenye dembo, yaani lile bonde lenye nyasi na maji ambamo miti haioti. Pale msichana mumoja aliona, mbele ya sisi wote, okide nyingi zimesimama katika nyasi, zingine nyeupe, zingine za rangi ya machungwa. Tukahesabu zaidi ya mia, kisha tukaacha kuhesabu. Sisi mwalimu tulifurahi kupita wanafunzi. Jumatatu tukachora ramani kwenye ubao: barabara, njia ya makala, kichuguu kikubwa, dembo. Tukaandika majina ya Kilatini. Tukamusifu yule msichana mbele ya darasa. Hatukuandika jina ambalo kila mutu wa Lubumbashi analijua, lakini halikuhitajika, maana wanafunzi walilisema wenyewe: kikanda.

Msomaji wa mbali pengine hajui. Chini ya okide hizi muko kiazi kidogo. Kinakaushwa, kinatwangwa, kinachanganywa na unga wa karanga, pilipili na magadi, kisha kinapikwa mupaka kinakuwa kigumu na kukatwa vipande kama sosisi. Ni chakula cha kwetu na cha ndugu zetu wa Zambia, chakula cha heshima tangu zamani, na leo kinauzwa sokoni na kando ya barabara. Kila mumea una viazi viwili: kimoja cha zamani, kilegevu, ambacho kimelisha ua la mwaka huu, na kimoja kipya, kigumu, ambacho kingelisha la mwaka kesho. Wachimbaji wanatafuta kile kigumu. Kwa hiyo anayechimba anakula mwaka kesho.

Tulipofika tena kwenye dembo, mwezi wa tatu, palikuwa kama shamba lililopitiwa na nguruwe. Mashimo na mashimo, na maua yametupwa kando, yameoza. Msichana wetu alilia. Sisi hatukulia, lakini tulijua kalamu ya chokaa iliyochora ile njia ilikuwa katika mukono wa nani.

Tulikasirika, na hasira ilitafuta mutu wa kulaumu. Tukaulizauliza, tukasikia kwamba kati ya waliochimba palikuwa mama wa mumoja wa wanafunzi wetu wenyewe. Tukamukuta sokoni, mbele ya meza yake. Tulimusalimu, akatukatia kipande, na tukaanza kusema habari ya uharibifu, ya kizazi kijacho, maneno yale mazuri ambayo sisi walimu tunayajua. Alisikiliza mupaka mwisho, kwa heshima. Kisha akasema: "Profu, miye njo nazani kikanda itaisha, hata siye tunaona. Zamani nkambo wangu alikuwa anangojea maua ikauke, mbegu ipeperuke, kisha anachimba. Lakini leo, nikingojea, mwingine anapita mbele. Na mutoto anarudi nyumbani juu ya minerval. Minerval ile, Profu, njo inalipaka nani?"

Wasomaji wetu wanajua jibu. Elimu ya bure ilianza mwaka 2019 katika shule za msingi. Katika sekondari wazazi wanaendelea kulipa, na sehemu ya pesa ile inaingia katika mufuko wa mwalimu. Basi tulikuwa tumekula okide zile mara mbili, mara moja kwa mudomo na mara moja kwa mushahara. Tulimaliza kile kipande, tukaaga.

Kutoka siku ile tulijifunza kutokimbilia hukumu. Watu wawili wenye elimu tuliowaeleza habari hii walitupa majibu ambayo hayakututosha. Wa kwanza alisema: nyamaza. Ukiona ua la nadra, funga kinywa. Lakini sisi tunakaa katika jamii ambamo mutu anayejua mahali pa uyoga na kula peke yake anaitwa mubaya, na katika vijiji vingine anaweza kuitwa hata mulozi. Kuficha chakula si wema kwetu, na hatutaki iwe wema. Tena kunyamaza ni kuzuri kwa mutu mwenye mushahara. Wa pili alisema: macho haina pazia, kila mutu anaona, hata usiposema wewe mwingine atasema, basi hauna kosa. Hii ni kweli nusu. Wachoma makala walikuwa wanapita karibu na dembo lile kila siku, na okide zilibaki. Ni ramani yetu iliyowaleta wachimbaji.

Tukarudi kwa wazee, si kwa sababu wazee wanajua kila kitu (zamani nayo ilikuwa na walafi wake), bali kwa sababu yule mama alikuwa ametaja neno moja: kungojea. Tukauliza, zamani aliyeona viwavi vya kwanza, ao uyoga wa kwanza kisha mvua, alifanya nini? Jibu lilikuwa lile lile kwa wazee watatu tofauti. Alisema. Hakuficha. Lakini hakusema kwa kila mutu kwa mara moja. Alienda kwa mukubwa wa kijiji, na huyu njo aliyesema "tuende" ao "bado". Ng'ambo ya mupaka, kwa Wabisa wa Zambia, jambo hili limechunguzwa na kuandikwa na wataalamu: watu wanaenda porini kuangalia mayai ya vipepeo juu ya majani, moto inazuiliwa mahali pale ili isiunguze miti, na kuokota viwavi kunaanza na kuisha kwa wakati uliopangwa, chini ya mamlaka ya chifu. Kwa hiyo kuona kulikuwa kazi ya kijiji. Jicho la mumoja lilikuwa jicho la wote, na kati ya jicho na mukono palisimama mutu mwenye uwezo wa kusema "bado".

Hapa njo tulielewa kosa letu. Hatukukosa kwa kusema. Tulikosa kwa kusema mahali ambapo hapakuwa mutu wa kusema "bado". Ubao wa darasa hauwezi kusema hivyo. Soko nalo haliwezi. Yule mama hakukosa akili wala upendo wa pori; alikosa mutu ambaye, akimuzuia yeye, angemuzuia na yule anayepita mbele yake.

Na tukiangalia vizuri, inchi yetu ya Katanga inalijua jambo hili kwa kipimo kikubwa zaidi. Wasomaji wengi wa muji wamesikia habari ya ua la shaba. Katika pori letu muna vilima vilivyo wazi, bila miti, vimefunikwa na nyasi na maua tu, kwa maana shaba iliyo katika udongo ni sumu kwa mizizi ya miti mingi. Wahenga wetu waliviona vilima hivi karne nyingi mbele ya mujiolojia Jules Cornet kupita huku mwaka 1892. Walichimba, wakayeyusha, wakatengeneza ile misalaba ya shaba iliyotumika kama feza. Mumea mumoja, Haumaniastrum katangense, unapenda udongo wenye shaba namna ile hata unaota mahali ambapo wahenga waliyeyusha, na wataalamu wa vitu vya kale waliufuata wakapata tanuru za zamani. Mwingine, wenye maua ya njano, uliitwa Crotalaria cobalticola kwa sababu ya kobalti. Mubelgiji Paul Duvigneaud alichunguza mimea hii katika miaka ya 1950, na profesa François Malaisse, aliyefundisha Lubumbashi miaka mingi, aliendelea. Leo tunajua kwamba juu ya vilima vya shaba vya Katanga munaota aina zaidi ya 600 za mimea, na kati yake zaidi ya 30 hazipatikani mahali pengine po pote duniani.

Sasa tufikiri. Ua linasimama juu ya kilima na kusema: hapa muna shaba. Mutu anaona, anaandika, anapeleka ripoti. Ripoti inafika katika ofisi ambayo kazi yake ni moja tu, kuchimba. Neno "bado" kule ni hesabu ya bei katika soko la dunia, si hesabu ya mbegu. Kilima kinaondolewa pamoja na ua lililokionyesha. Kalukuluku, mine ya Étoile, iliyo karibu na muji wetu, ilianza kuchimbwa mbele hata ya watoto wa nkambo zetu kuzaliwa, na sehemu kubwa ya kilima kile haiko tena. Sisi hatusemi mine zifungwe. Lubumbashi yenyewe ilizaliwa mwaka 1910 juu ya shaba, na baba zetu wengi walilishwa nayo. Tena tuseme ukweli, upande wa Fungurume mimea mingine ya vilima ilihamishwa kabla ya kuchimba, na mbegu zingine zimewekwa katika bustani ya mimea ya Meise, Ubelgiji. Ni kazi njema. Lakini kuna kitu kinachouma katika kuwaza kwamba mutoto wa Fungurume akitaka kuona mbegu ya ua la kilima cha nkambo yake, anahitaji viza.

Mutu atauliza: je, Serikali haiwezi kuwa huyo musemaji wa "bado"? Inaweza. Kwa ndugu zetu wa Tanzania, katika milima ya kusini, viazi vya okide vilikuwa vinachimbwa kwa mamilioni kwa mwaka na kuuzwa Zambia kwa chakula hiki hiki. Uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji wanauita Bustani ya Mungu, ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na ilikuwa hasa juu ya maua. Tunawapongeza. Lakini sisi wenyewe tuna hifadhi ya Upemba tangu mwaka 1939 na Kundelungu tangu mwaka 1970, na tunajua kwamba karatasi ya Kinshasa hailindi dembo dogo lililo nyuma ya kichuguu, kilometa kumi na tano kutoka muji. Dembo lile linahitaji mutu wa karibu, ambaye yule mama anaweza kumusalimu kwa jina na kumulaumu akipendelea jamaa yake.

Mwaka uliofuata, mwezi wa kenda, tulitoka tena. Moto ilikuwa imepita, maua ya majivu yalikuwa pale pale, mulunguti pia. Mwezi wa kwanza tulifuata mukono mwingine wa bonde, na tukapata okide tena, chache, pengine makumi ine. Kijana aliyeziona alitugeukia mbele ya kupiga kelele. "Profu, nitaseme?"

Hatukujibu mara moja. Tulirudi kwa njia ya kijiji, tukatuma wanafunzi wawili kwa mukubwa wa kijiji, pamoja na yule mama wa sokoni, ambaye tulikuwa tumemuomba aje na sisi na ambaye alikubali kwa masharti kwamba tusimufundishe kitu. Mukubwa alicheka kwanza. Alisema ni miaka mingi hakuna mutu amekuja kumuuliza jambo kama lile. Watu wanakuja tu kumuomba sahihi ya kukata miti. Kisha akamuuliza yule mama, si sisi, mbegu zinapeperuka lini. Wakazungumza kwa muda murefu katika Kilamba, sisi tukashika nusu. Mwishowe akasema watu wangoje mupaka mwezi wa tano, na kwamba atawaambia wake wa kijiji siku ya soko.

Jumatatu, kwenye ubao, tuliandika majina ya mimea tuliyoona na tarehe. Ramani hatukuchora. Mwanafunzi mumoja alilalamika kwamba hiyo si sayansi, na tulizungumza naye mupaka kengele ikalia, bila kumushinda.

Mwezi wa ine tulipita tena. Pembeni, upande wa barabara, palikuwa mashimo sita ao saba mapya. Zingine zote zilikuwa zimesimama, zimekauka, na upepo ulipozitikisa, vumbi nyeupe ya mbegu ilitoka.